Niache ugali ili nisipate kisukari?

Habari za kazi, ndugu zangu wa safu hii.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43. Nauza mitumba pale Mlango Mmoja, Mwanza, na nyumbani ni Buzuruga. Mwezi uliopita walikuja watu wa afya sokoni kupima bure. Nikapanda mzani nikakuta kilo 86. Urefu wangu ni sentimita 160, na kiuno walichopima kilikuwa sentimita 104. Presha ilisoma 144 kwa 92. Wakaniambia nirudi asubuhi kabla sijala, nikarudi, sukari ikawa 6.4. Kijana aliyenipima akasema, "Bado hujafika mama, ila uko njiani, punguza mwili." Namna ya kupunguza hakusema, foleni ilikuwa ndefu.

Naogopa kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa na kisukari, akakatwa mguu, baadaye akapata kiharusi. Na mimi mtoto wangu wa mwisho alizaliwa na kilo 4.3, watu wakashangilia.

Nimeshajaribu. Mwaka jana jirani yangu wa kibandani aliniuzia chai ya kupunguza tumbo. Nilishusha kilo 5 ndani ya wiki mbili, lakini nilikuwa naharisha kila siku na misuli ya miguu inakaza usiku. Nilipoacha, kilo zote zikarudi kabla mwezi haujaisha. Nikajaribu kuacha chakula cha mchana, usiku nikawa nakula ugali mpaka naona aibu. Mwaka huu nimetembea mwezi mzima, nusu saa, siku tatu kwa wiki. Mzani haujasogea.

Siku yangu iko hivi: asubuhi chai ya rangi yenye sukari vijiko vitatu na mandazi mawili. Kazini soda mbili, maana joto la bati si la kawaida. Saa kumi chai tena, vijiko vilevile. Usiku ugali na sato wa kukaanga au dagaa, tunakula kwenye sinia watu watano. Lita moja ya mafuta inatuchukua siku tano. Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, huu ni mwaka wa nne.

Rafiki yangu kaniambia niache ugali kabisa. Mwingine kasema nisile kitu hadi saa nane mchana. Mume wangu hataki nipungue, anasema mawifi watadai hanilishi. Na huku sokoni ukipungua kidogo tu wanaanza kunong'ona kwamba una ngoma. Nifanye nini? Bado naweza kuukwepa ugonjwa wa mama, au ni wa kurithi na nitaupata tu?

Mama wa Mlango Mmoja

JIBU

Mama, pole kwa hofu hiyo, na pole kwa yaliyompata mama yako. Tuanze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililokufanya uandike.

Bado unaweza. Kurithi kunaongeza hatari, lakini hatari hiyo hupungua, na kiasi inachopungua kimepimwa. Nchini Marekani walichukuliwa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari, kama wewe. Wastani wa uwiano wao wa uzito na urefu, yaani BMI, ulikuwa 34. Wako ni 33.6. Kundi moja lilipewa vidonge visivyo na dawa, kundi la pili metformin, ambayo ni dawa ya kisukari, la tatu likafundishwa kubadili chakula na kutembea. Matokeo yalitoka mwaka 2002: baada ya karibu miaka mitatu, kundi la chakula na kutembea lilikuwa na wagonjwa wapya wa kisukari pungufu kwa asilimia 58 kuliko kundi la vidonge bandia. La metformin pungufu kwa asilimia 31. Finland walifanya utafiti wa namna hiyo kwa watu 522, matokeo yakatoka 2001, nao wakapata asilimia 58.

Sasa angalia walichoombwa kufanya: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Asilimia 7 ya kilo 86 ni kilo 6. Kwa hiyo lengo lako la kwanza ni kilo 80, na umepewa miezi sita kulifikia. Hakuna aliyesema urudi kwenye uzito wa siku ya harusi. Tena usidhani waliofanikiwa walikuwa watu wa chuma. Nusu tu ndio waliofikia hiyo asilimia 7 ndani ya wiki 24, na mwisho wa utafiti waliokuwa bado wameishikilia ni asilimia 38. Pamoja na hayo, hatari ya kundi zima ilishuka kiasi kile, kwa sababu kila kilo moja iliyopungua iliambatana na hatari kushuka kwa karibu asilimia 16. Ukishusha kilo tatu ukakwama, tayari umejikinga kwa kiasi kikubwa. Tunalisema hili mapema kwa sababu wengi huacha kila kitu pale mzani unaposimama, wakiamini wameshindwa.

Kabla ya jikoni, vipimo. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 haijawa kisukari ila si ya kawaida, ikifika 7.0 na ikarudiwa ikabaki hapo, ni kisukari. Yako ya 6.4 ilipimwa mara moja, kwa tone la kidoleni, sokoni. Nenda kituo cha afya wapime tena kwa damu ya mshipani. Wakiweza, wakupe kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa mbili: kati ya 7.8 na 11.0 bado uko njiani, 11.1 na kuendelea ni kisukari. Huenda wakapendekeza HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu bila kufunga kula. Ni kipimo kizuri, lakini kinaweza kudanganya kwa mtu mwenye upungufu wa damu au mwenye vinasaba vya selimundu (sikoseli), na Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo yenye selimundu nyingi nchini. Kama kwenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu, mwambie daktari kabla hajasoma majibu. Mwambie pia kuhusu yule mtoto wa kilo 4.3. Mtoto akizidi kilo 4, mara nyingine ni dalili kwamba mama alikuwa na kisukari cha ujauzito bila kujua, na mwanamke aliyepitia hapo ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari baadaye. Hakuna aliyekosea kushangilia, ila iandikwe kwenye faili lako.

Presha nayo. 144 kwa 92 imevuka mstari wa 140 kwa 90, lakini presha ya sokoni, ukiwa umesimama foleni na kelele pande zote, haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Ipimwe tena siku nyingine mbili tofauti. Kakojoe kwanza, usinywe kahawa nusu saa kabla, keti dakika tano kimya ukiwa umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Na uangalie mkanda. Kwa mashine nyingi mkanda wa kawaida unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na vipimo vimeandikwa kwenye mkanda wenyewe. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine inasoma juu kuliko ukweli. Kuomba mkanda mkubwa si utovu wa adabu. Ikibaki juu ya mstari, daktari ataamua kuhusu dawa, na ukipewa usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Katika utafiti wa kitaifa wa 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64, takriban Mtanzania mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na kichwa kisipouma haimaanishi huna.

Ile chai tuimalize haraka. Nyingi za aina hiyo zina sanamaki au kitu kingine cha kuharisha. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko, nguvu yake karibu yote imeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo mafuta ya mwili hayaguswi. Zile kilo 5 zilikuwa maji na kinyesi, pamoja na akiba ya wanga, ambayo kila gramu yake hushikilia takriban gramu tatu za maji. Ndiyo maana zilirudi kabla ya mwezi. Kukaza kwa misuli kunalingana na kupoteza maji na chumvichumvi za mwili, hasa potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo hupiga vibaya. Siku ukianza dawa za presha zinazokojoza, chai hiyo itakuwa hatari zaidi. Usiirudie. Mkanda wa jasho wa tumboni ni habari ileile: unapoteza maji, ukinywa yanarudi.

Sasa ugali. Usiuache. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani wa watu 609: nusu walipunguza wanga, nusu wakapunguza mafuta, mwaka mzima. Wa wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Kinachopunguza mwili ni kula nguvu pungufu kuliko unayotumia, na njia bora ni ile utakayoiweza mwakani. Mtu wa Mwanza aliyeapa kuacha ugali huvunja kiapo wiki ya tatu, tena kwa hasira. Kutokula hadi saa nane nako, pale walipolinganisha na watu waliopunguza chakula kwa kiasi hichohicho bila kujali saa, kupungua kulikuwa karibu sawa. Wewe umeshaona mwenyewe njaa ya mchana inavyolipwa usiku. Kula mchana.

Nguvu ya ziada kwako iko wapi, basi? Tuhesabu. Soda ya chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Mbili kwa siku ni kama kalori 300 (kalori ndiyo kipimo cha nguvu ya chakula). Sukari ya chai, vijiko sita kwa siku vikiwa vya kusawazishwa, ni kalori 100, na kijiko cha mlima kinafika hata mara moja na nusu ya hapo. Mafuta: lita moja ina takriban kalori 8,300. Mkiimaliza watu watano kwa siku tano, kila mmoja anakunywa, tuseme ukweli, kalori 330 za mafuta kila siku bila kuyaona. Hapo hatujagusa ugali.

Fanya haya matatu. Soda zote mbili ziwe maji. Beba chupa mbili kubwa, moja igande barafu usiku, maana joto la bati ni kweli, na ukikatia limau itapita vizuri. Chai iwe kijiko kimoja cha kusawazishwa. Punguza nusu kijiko kila wiki ili ulimi uzoee. Mafuta: lita idumu siku kumi. Hili la mwisho halitafanikiwa kwa kumimina kwa jicho. Acha kumimina moja kwa moja toka kwenye chupa. Tumia kijiko cha chakula, ambacho kina kalori 120 hivi. Chungu cha mboga cha watu watano kinatosheka na vijiko viwili. Ukijumlisha, umeokoa zaidi ya kalori 500 kwa siku na ugali uko palepale mezani. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo upungufu huo unakupa karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Baadaye kasi inapungua kwa sababu mwili uliopungua unatumia nguvu kidogo. Ndiyo maana tumesema miezi sita, ingawa kwa hesabu ya karatasi ingekuwa mitatu.

Sato ndiye bahati ya mtu wa ziwani, na tunasikitika anavyoharibiwa na karai. Gramu 100 za mnofu wake zina kama kalori 100 na protini gramu 20, na protini ndiyo inayokukalisha na shibe. Akitumbukizwa kwenye mafuta mengi anabeba mafuta hayo. Mchome juu ya mkaa, au mpike mchuzi wa nyanya, kitunguu, tangawizi na limau. Kukaanga kuwe mara moja kwa wiki. Dagaa wachambue vichwa, waoshe kwa maji ya moto kutoa mchanga, uwakaushe kwenye sufuria kavu moto mdogo hadi wanukie, kisha tia kijiko kimoja cha mafuta na nyanya nyingi. Vinavyokosewa hapa ni viwili: kuwaweka mbichi bado kwenye mafuta, wakayanywa, na kutia chumvi kabla ya kuonja. Sangara wa chumvi, kayabo, loweka na umwage maji mara mbili au tatu.

Sinia ni jambo zuri la nyumbani, lakini juu ya sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Pakua chako kwenye sahani, ukae nao palepale. Nusu ya sahani mboga za majani: matembele, mchicha, mgagani, mlenda. Robo samaki au maharage, choroko au dengu. Robo ugali. Ili jicho lizoee, siku moja pima unga: gramu 100 za unga mkavu zina kalori 360 hivi, na zinatoa ugali wa takriban ngumi yako moja na nusu. Kilo nzima ikipikwa kwa watu watano, kila mmoja amekula kalori 720 kabla ya kitoweo. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu lina pumba na nyuzinyuzi na linakaa tumboni, ila kalori zake ni karibu zilezile, kwa hiyo lisikufanye uongeze. Ugali wa udaga, yaani wa muhogo, karibu wote ni wanga mtupu. Ukila huo, samaki au maharage yasikosekane. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vipimwe vikiwa vikavu: maji yametoka, kiganja kimoja ni viazi vingi. Kisamvu cha karanga ni chakula kizuri, lakini gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550, basi kijiko kimoja kikubwa cha karanga za kusaga kwa kila mlaji kinatosha.

Asubuhi, mandazi moja na yai la kuchemsha badala ya mandazi mawili, au kiazi kitamu cha kuchemsha. Mchana kwa mama lishe, omba maharage na mboga mara mbili, wali nusu. Embe na chungwa ule vilivyo, usikamue.

Chumvi ni kwa ajili ya presha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya dukani. Njia rahisi ya kujikagua: pakiti ya nusu kilo kwa watu watano isiishe kabla ya siku 20. Endelea na yenye madini joto. Vidonge vya mchuzi vina chumvi nyingi, na magadi mnayotia kwenye maharage au mlenda nayo yana sodiamu ileile inayopandisha presha. Loweka maharage usiku kucha, hutayahitaji.

Tuje kwenye kutembea kulikokukatisha tamaa. Nusu saa kwa mtu wa uzito wako inatumia takriban kalori 150. Mara tatu kwa wiki kwa wiki nne ni 1,800, chini ya robo kilo ya mafuta. Mzani wenyewe hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji tu, ungeionaje robo kilo? Na soda moja baada ya matembezi inarudisha yote. Hukukosea kutembea, uliyapa matembezi kazi ya jikoni. Kazi yake ni nyingine, na ni kubwa. Msuli unapofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini, homoni inayoshusha sukari, ikiwa dhaifu, na athari hiyo hudumu saa 24 hadi 48. Kwa hiyo usipitishe siku mbili mfululizo bila kutembea. Presha inashuka, usingizi unakuja, na kilo zilizoondoka zinachelewa kurudi.

Wiki mbili za kwanza: dakika 10 baada ya chakula cha mchana na 10 baada ya cha usiku, siku tano. Baada ya kula ndipo sukari inapanda, kwa hiyo hapo ndipo miguu ina faida zaidi. Wiki ya tatu ongeza kuwa 15 na 15, tayari umefika dakika 150. Jioni unaweza kushuka daladala vituo viwili kabla ya Buzuruga. Mwendo unaotakiwa ni ule unaoweza kuongea ila huwezi kuimba. Vilima vya Mwanza ni msaada hapa, mwinuko kidogo unakufikisha kwenye mwendo huo bila kukimbia. Magoti mara nyingi yanaumia kwenye kushuka kuliko kupanda, basi panda kwa mwinuko na rudi kwa njia ya taratibu. Vaa raba zenye soli nene, ndala ziache. Kibandani usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama. Panga nguo, zunguka meza.

Mara mbili kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu, kwa sababu anayepungua bila hayo hupoteza na misuli. Keti kwenye stuli na uinuke bila kushika kitu, mara 8 hadi 12. Sukuma ukuta, mara 8 hadi 12. Beba ndoo mbili zenye maji lita 5 kila mkono, tembea hatua 40, mgongo umenyooka. Pumzika dakika moja, rudia mzunguko mara tatu. Ukimaliza 12 kwa urahisi, ongeza maji ndani ya ndoo. Usibane pumzi unapoinua, presha inaruka. Ukihisi kifua kubana, pumzi kukatika isivyo kawaida au kizunguzungu, acha na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna watakaokuambia ukaogelee ziwani. Kuogelea ni zoezi zuri, lakini maji ya ufukweni Ziwa Victoria yana konokono wa kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi nzima bila kidonda. Tafuta bwawa, au baki na miguu.

Kuhusu sindano: ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, si wote. Usiiache tu ukabaki bila kinga. Muulize muuguzi kuhusu kitanzi au njia nyingine, ubadilishe siku ambayo sindano ingechomwa.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka chooni, mzani uleule. Kiuno pima katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kuvuta tumbo. Kiuno kisichozidi nusu ya urefu ndicho kinachotakiwa, kwako sentimita 80. Kutoka 104 kuna safari, lakini kushuka hadi 98 kutaonekana kwenye gauni mapema kuliko kwenye mzani. Mzani ukisimama wiki nne, kabla hujakata chakula zaidi, rudia kupima mafuta na unga kwa wiki moja. Mara nyingi kijiko kimekua kimyakimya.

Na maneno ya watu. Kilo moja kwa mwezi ni polepole mno kwa mnong'ono wa sokoni, huo hulishwa na kilo 5 za wiki mbili. Anayeuliza mwambie tu: "Nimepimwa sukari, nimeambiwa nipunguze." Ugonjwa wa sukari kila mtu anaujua, neno hilo linafunga mjadala. Mume wako usimshawishi kwa mdomo, nenda naye kupima presha. Huenda na yake inahitaji kuangaliwa, na chungu ni kimoja. Mawifi wakija, wapikieni sato wa kuchoma mkubwa na mboga mbili. Hakuna atakayesema hulishwi.

Jambo moja la kuangalia: kupungua tunakokuambia ni kwa kukusudia. Ukianza kupungua bila kujitahidi, au ukapata kiu isiyoisha na kukojoa mara nyingi usiku, usisubiri miezi sita. Nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo, wakiona haja watakupa rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Ukiwa mzima, rudia sukari baada ya miezi sita ukiwa na daftari lako la uzito mkononi, kisha kila mwaka, hata kama majibu yatakuwa mazuri.